Mlinzi wa Sebule

Glenys Trembath hakuwahi kununua pasti bila kuipima kwanza mkononi. Aliiweka kwenye kiganja, akaitikisa kidogo, akamtazama mwoka mikate usoni, ndipo akatoa pesa. Mwoka mikate wa Port Carrow, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Australia, ambaye huoka pasti zilezile za nyama na viazi tangu baba yake alipomwachia tanuri, hakukasirika. Mji mzima ulijua kwamba Glenys ndivyo alivyoumbwa. Alimshuku mwoka mikate kwa kupunguza nyama, alimshuku tarishi kwa kusoma kadi za watu, alimshuku daktari kwamba hutazama saa kuliko anavyomtazama mgonjwa, na alimshuku mchungaji kwamba haamini sana hayo anayoyahubiri. Kwa habari ya mchungaji alikuwa sahihi, lakini tusimseme mtu ambaye hayupo.

Tuwe waadilifu pia. Kwa kazi aliyokuwa nayo, kutoamini watu kulikuwa nusu ya ujuzi. Glenys alikuwa na kibanda cha bati mwanzoni mwa gati, na ndani yake mashine ya kujaza hewa kwenye mitungi ya wapiga mbizi. Kila mtungi ulioletwa aliugeuza, akatafuta muhuri unaoonyesha kwamba umekaguliwa mwaka huo, akausoma kwa miwani, kisha akausoma tena bila miwani. Aliwahi kumnyima hewa sajini wa polisi kwa kuwa muhuri wake ulikuwa umepitwa na siku tatu. Sajini aliomba, akatania, akanuna. Glenys alimwambia hata angekuwa Papa wa Roma, arudi na muhuri. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mpiga mbizi hata mmoja aliyevuta hewa mbaya kutoka kibanda kile, na sifa hiyo apewe.

Lakini kitu alichokilinda kuliko hewa kilikuwa Sebule.

Nje ya Port Carrow, mwendo wa dakika ishirini kwa boti ya bati, bahari ni ya kijani kama kwingine kote na haina sababu ya kumsimamisha mtu. Ila chini yake, mita kumi na moja, mwamba wa chokaa umejikunja kama kuta za chumba, na ndani yake mwani mrefu umezunguka kiwanja cha mchanga mweupe. Hapo ndipo majoka wa bahari huja kila mwaka baridi inapokatika. Jina lisimtishe mtu. Joka huyo ni samaki wa urefu wa mkono, ndugu wa farasi wa bahari, na mwili wake wote umeota vipande vinavyofanana na majani, hata ukimkodolea macho unadhani ni mwani uliokatika na kuelea. Dume ndiye mbeba mimba. Jike humbandika mayai ya rangi ya waridi chini ya mkia, kisha akaenda zake. Glenys alilipenda sana jambo hilo. Alikuwa akisema kwamba huko chini, angalau, mwanamume anajulikana alipo.

Mahali hapo palivumbuliwa na mumewe, Murray, alipokuwa akitafuta nanga iliyopotea. Nanga hakuipata. Alikuwa naye Desmond Rundle, dereva wa malori ya shayiri, ambaye tangu akiwa na miaka ishirini na minne kichwa chake hakina unywele hata mmoja, na kwa sababu hiyo Port Carrow nzima humwita Kipilipili. Wanaume hao wawili waliporudi nchi kavu walimwambia Glenys, na watatu hao hawakumwambia mtu wa nne. Walipaita Sebule. Njia yake haikuandikwa popote: mnara wa kanisa ukijificha nyuma ya ghala la kwanza la shayiri, na msonobari wa pili ukigusa paa la baa, hapo tupa nanga. Mtu akiwauliza walikozama, wote walijibu jibu moja: kule nje kidogo. Glenys hakukubali hata GPS iingie botini. Alisema mashine inayokuambia uko wapi haitashindwa kuwaambia na wengine.

Murray alifariki miaka tisa kabla ya habari hizi, moyo ulimsimama uwanjani, akitazama mpira, timu yetu ikiwa mbele. Wakabaki wawili wenye siri. Kila Alhamisi, hali ya hewa ikiruhusu, Glenys na Desmond walikwenda kuzama. Wapiga mbizi wa pwani ile hawashuki mtu mmoja mmoja. Unashuka na mwenzako, yeye anakagua mikanda yako na wewe unakagua yake, na chini ya maji macho yako ni yake. Desmond alikuwa mwenzake wa mbizi kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa mzito wa kusema. Ungeweza kukaa naye kutoka asubuhi mpaka chai ya saa kumi ukapata maneno sita, mawili yakiwa ni "sawa". Mtu kama huyo humfaa mshuku, kwa kuwa hakuna maneno mengi ya kuchambua.

Na Sebule ililindwa vipi? Dirisha la kibanda lilitazama bahari, na dirishani palikuwa na darubini. Boti ngeni ikionekana inasogea upande ule, Glenys alifunga mashine, akatundika kibao cha "Narudi", akakimbia gatini, akaruka kwenye boti yake na kwenda moja kwa moja kutupa nanga juu ya Sebule penyewe. Akafungua mwavuli mwekundu, akatoa mkate wake wa jibini, akawakazia macho wale wageni mpaka wakaondoka. Wakimuuliza anafanya nini alijibu kwamba anavua. Hakuwa na mshipi wala ndoano. Aliwahi kukaa pale kwa muda wa saa tano akiwa na homa, kwa sababu familia moja ya likizo ilikuwa imezima injini karibu ili mtoto wao atapike.

Basi ikaja Novemba ile.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, bahari imetulia kabisa. Glenys alikuwa akijaza mtungi, akainua darubini kwa mazoea tu, na alichokiona kilimfanya aiweke chini, aifute, kisha aiinue tena. Boti kubwa nyeupe, yenye injini mbili, ilikuwa imetia nanga. Huko ndiko mnara hujificha nyuma ya ghala, hakuhitaji kukisia, maana alijua bahari ile kama anavyojua meza ya jikoni kwake. Watu wenye suti nyeusi za mpira walikuwa wakijitupa majini mmoja baada ya mwingine. Aliwahesabu. Wanane. Watu wanane ndani ya Sebule, na mateke yao, na tochi zao, na madume wamebeba mayai.

Alikaa juu ya ndoo na kulia. Halafu akaacha kulia akaanza kufikiri, na hapo ndipo mabaya yalipoanza.

Boti ile ilikuwa ya Effie Kolovos, mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka Adelaide, aliyehamia mwaka uliotangulia na kuanza kuwapeleka watalii kuzama. Glenys alikuwa amemtilia shaka tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alitabasamu kabla hajajua anamtabasamia nani. Lakini Effie alikuwa mgeni, na mgeni hajui alama za mnara na msonobari. Kuna aliyemwonyesha. Waliokuwa wakijua walikuwa watatu. Mmoja yuko makaburini. Mimi sikusema, Glenys alijiambia, akikunja vidole. Kikabaki kidole kimoja.

Alikitazama kidole hicho kwa muda mrefu. Hakutaka kiwe hicho. Alimpenda Desmond, kwa namna ambayo mtu humpenda aliyemshika mkono gizani mita kumi na moja chini, na alijua vizuri kwamba akimpoteza yeye amepoteza bahari pia, maana nani mwingine angeshuka na mwanamke wa miaka sitini na sita anayemkagua kila mtu mara tatu? Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa Glenys hakukuwa na mwingine.

Mshuku hatafuti ushahidi, ushahidi humfuata mwenyewe kama paka aliyezoea kupewa samaki. Wiki ile Glenys aligundua kwamba boti ya Desmond ina injini mpya. Mstaafu wa malori ameipata wapi? Aligundua kwamba Desmond na Effie walionekana kwenye duka la mikate, na kwamba Desmond, ambaye hajamnunulia mtu kitu tangu bei ya shayiri ilipoanguka, alimlipia Effie pasti. Alipomuuliza kwa ujanja kama anamfahamu yule mwanamke wa boti nyeupe, Desmond alitazama viatu vyake na kusema anamjua kidogo. Kidogo! Na alipomwambia kwamba Sebule imevamiwa, Desmond hakushangaa. Alikuna upara, akasema, "Ndiyo, nimeona." Mtu asiye na hatia angetukana.

Glenys aliamua kumtega. Mtego wenyewe, nikiri, ulikuwa wa akili.

Alimkaribisha chai kibandani siku ya Ijumaa. Akafunga mlango, akashusha sauti, akamwambia amegundua mahali papya, kaskazini, ng'ambo ya kifungu cha miamba, pazuri kuliko Sebule mara mbili. Amepaita Jikoni. Wasimwambie mtu. Ukweli ni kwamba huko kaskazini hamna kitu ila mchanga na mitego ya kaa iliyopotea. Desmond alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake.

"Sawa," akasema.

Ile "sawa" ilitoka haraka mno kwa masikio ya Glenys.

Jumamosi alfajiri alikwenda na boti yake akatia nanga juu ya hiyo Jikoni ya uongo, akafungua mwavuli, akasubiri aone nani atakuja. Hakuja mtu. Jumapili akakosa kanisa, akaenda tena, akala mkate wake, akaungua pua kwa jua. Hakuja mtu. Karibu amwombe Mungu msamaha kwa kumdhania Desmond mabaya. Jumatatu, saa tatu asubuhi, boti nyeupe ilitokea, ikazunguka kidogo, ikatia nanga mita hamsini kutoka kwake. Effie akampungia mkono, watalii wakajitupa majini. Walikaa chini dakika arobaini wakatoka na nyuso za kuuliza, mmoja wao ameshika sufuria lenye kutu.

Glenys hakucheka. Siku hiyo hakuwa na cha kucheka. Mahali pale palijulikana na watu wawili tu duniani, tena hapakuwa mahali. Alikuwa amepata alichokitafuta. Alifunga mwavuli, akavuta nanga.

Jumatano ni siku ya foleni kibandani, maana wengi huja kujaza mapema kwa ajili ya mwisho wa wiki. Desmond alisimama kwenye foleni kama wengine, mtungi begani. Zamu yake ilipofika aliuweka mezani na kugeuza muhuri uonekane, kama alivyofanya kwa miaka yote. Glenys hakuutazama muhuri.

"Chukua mtungi wako," alisema.

"Umeisha muda?"

"Urafiki ndio umeisha muda. Hewa yangu siwauzii wachuuzi. Mwambie Effie wako akujazie, si mnakula pasti pamoja? Uza na nyumba ya Murray basi, maana sebule yake umeshaiuza."

Watu saba walikuwa nyuma yake na wote walisikia. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza jina la Sebule kutamkwa mbele ya watu, na lilitamkwa na mlinzi wake. Desmond alikuwa mwekundu kuanzia shingoni mpaka juu ya upara. Kisha aliuinua mtungi, akausaidia kwa goti kuufikisha begani, kwa kuwa naye si kijana, akaondoka bila kujibu. Glenys alilihesabu hilo pia. Asiyejitetea amekiri.

Kuanzia siku ile Desmond aliendesha gari kilomita arobaini kwenda kujaza hewa mji wa pili. Alhamisi ya kwanza Glenys alisafisha kibanda. Alhamisi ya pili alisafisha kibanda kilichokuwa safi. Ya tatu alimeza kiburi akaanza kuulizia mwenza. Mmoja alisema sikio linamuuma. Mwingine akasema ana mwenzake tayari, na huyo mwenzake akasema vilevile. Mwalimu mstaafu, mwanamke mpole kabisa, alimwambia kwa upole huohuo kwamba angependa lakini anaogopa kukosea jambo. Hakuna aliyesema neno baya. Desemba ikapita, Krismasi ikapita na joto lake na nzi wake, Januari nayo ikapita. Suti ya Glenys ilining'inia msumarini mpaka mpira ukaanza kukakamaa magotini. Madume walikuwa wakiangua mayai huko chini na yeye hawaoni.

Kulinda, hata hivyo, hakuacha. Alilinda zaidi. Kwa kuwa hakuwa na Alhamisi tena, alikuwa na siku zote saba, na kila boti iliyochungulia upande ule ilimkuta tayari yuko pale, mwavuli wazi, macho makavu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba boti hazikupungua. Ziliongezeka. Zilikuja hata kutoka miji mingine. Naye alijua sababu: Desmond anazidi kuuza.

Mwezi wa Februari mashine ya hewa ya Effie Kolovos iliharibika, akaja kibandani na mitungi kumi na miwili kwenye gari. Glenys aliikagua yote akiomba apate muhuri mmoja uliopitwa. Hakupata. Mihuri ilikuwa imepangwa safi kama meno ya mtoto. Ikabidi ajaze, na kujaza mitungi kumi na miwili kunachukua muda, na Effie si mtu wa kukaa kimya. Alisifia kibanda, akasifia mashine. Kisha akasema kwamba kwa kweli amekuwa akitaka kuja kumshukuru tangu Novemba, ila alikuwa akimwogopa.

Glenys alizima mashine. "Kunishukuru kwa lipi?"

"Kwa kutuonyesha pale. Wateja wangu wanalia wakiwaona wale majoka, unajua? Wanalia ndani ya miwani."

"Nani kakuonyesha?"

"Nani kanionyesha nini?"

"Usinifanye mtoto. Pale nje. Nani aliyekupeleka, ulimpa nini?"

Effie alicheka, halafu akamtazama vizuri akaona si utani. Kicheko kikamkauka.

"Wewe, Glenys," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa napita tu, naenda visiwani. Nikaona boti ndogo inakuja mbio, mama kashika mwavuli, anatupa nanga mbele yangu, ananitolea macho. Nikajiuliza, huyu analinda nini hapa katikati ya maji? Nikabonyeza GPS. Kesho yake nikapita tena, ukaja tena palepale. Palepale kabisa. Wenye boti wote wanajua hivyo. Wanakuita Boya."

"Na kule kaskazini?"

"Ulikaa kule siku tatu mfululizo! Nikasema basi, mama kahamia pazuri zaidi. Wateja wangu wakatoka na sufuria."

Glenys aliuliza swali la mwisho ingawa tayari hakutaka kulisikia jibu lake.

"Na Desmond?"

"Yule mwenye upara? Nilimwomba mwaka jana anionyeshe sehemu nzuri za kuzama. Akaninunulia pasti, akaniambia niende Tasmania, ng'ambo ya bahari."

Mitungi ile kumi na miwili aliimaliza yote, maana kazi ni kazi, na kila mmoja aliuangalia mara mbili. Baada ya hapo alifunga kibanda bila kutundika kibao.

Desmond anakaa mtaa wa juu, nyumba yenye ngazi tatu za mbao mbele. Glenys alimkuta amekaa kwenye ngazi ya pili akisafisha kaa wa buluu waliochemshwa, ndoo moja ya kaa na ndoo nyingine ya maganda. Alisimama getini. Alikuwa ametunga maneno njiani, na yote yalimkimbia. Alisema tu kwamba ni yeye. Kwamba hakuna aliyesema, hakuna aliyeuza, ni yeye na mwavuli wake, na alimvunjia heshima mbele ya watu saba, na anaona aibu mpaka mifupani.

"Najua," Desmond alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni mwavuli." Alivunja gando, akatoa nyama, akaiweka kwenye bakuli. "Tangu zamani. Boti zikikuona unakwenda zinapunguza mwendo. Nilikuwa naziona."

Hapo, haki ya Mungu, hasira ilimrudia Glenys, akasogea mpaka chini ya ngazi. "Ulijua miaka yote hiyo? Na hukuniambia? Umekaa kibandani kwangu unakunywa chai yangu, unaniona najichimbia kaburi, umenyamaza?"

"Murray alikuambia."

"Hakuniambia."

"Alikuambia. Mimi nilikuwepo, tulikuwa tunavuta boti. Alisema, Glen, ukiacha kukaa juu yake hakuna atakayepaona. Wewe ukamuuliza, nani kakulipa useme hivyo." Desmond alisema haya bila chuki, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Nikaona, ikiwa mume wake haaminiki, mimi nani? Ningekuambia, ungesema nataka uondoke pale ili nipite mimi."

Glenys alikumbuka. Alikumbuka mpaka kamba ya boti, na jinsi Murray alivyocheka halafu asiirudie tena habari hiyo maisha yake yote. Aliketi kwenye ngazi ya chini. Akaomba msamaha, neno lenyewe, ambalo Port Carrow haikuwahi kulisikia kinywani mwake. Desmond alitikisa kichwa kwamba limepokelewa. Alisukuma ndoo ya kaa kidogo upande wake, naye akachukua mmoja, wakawa wanavunja pamoja, na kwa muda kukawa kama zamani.

"Basi Alhamisi," alisema Glenys. "Upepo utakuwa wa kusini lakini mdogo. Twende tukawaone kabla hawajaondoka."

Desmond alifuta mikono yake kwenye suruali.

"Kusamehe nimesamehe, Glen. Kuja kwangu uje, chai ipo. Lakini kuzama na wewe, hapana."

"Kwa nini?"

"Kule chini hamna maneno. Kuna mikono tu. Siku nikikuonyesha kwamba hewa imeniishia, nataka unipe yako hapohapo. Sitaki kwanza ujiulize nataka nini."

Glenys alifungua mdomo kumwambia kwamba asingejiuliza kamwe, kwamba yeye si mtu huyo, au hata kama alikuwa mtu huyo, leo amekoma. Lakini kabla neno halijatoka, wazo lilimpitia, jepesi, lenye uzoefu wa miaka: haya si maneno ya Desmond, Desmond hajui kusema namna hii, ni nani kamfundisha? Labda ameshapata mwenzake mwingine. Labda yuko ndani sasa hivi, anasikiliza. Na macho yake, kabla hajawahi kuyazuia, yalikuwa yameshakwenda kwenye mlango wa nyumba.

Desmond aliyaona yakienda. Aliinama akachukua kaa mwingine. Glenys alifunga mdomo. Alikaa pale mpaka ndoo ikaisha, akamsaidia kuosha bakuli, na alipoondoka alipitia mtaa wa nyuma, ambako bahari haionekani.